Soko na Umma: Ushauri kwa Wenye Biashara wa Lemera na Bonde la Ruzizi

Kutafuta soko na kujenga uhusiano na umma ni kazi mbili ambazo, kuanzia bandari ya Kalundu huko Uvira hadi vilima vya Lemera, katika Kivu ya Kusini, hufanywa mara nyingi na mtu mmoja, kwa kipaza sauti kimoja na kwa fedha inayotoka katika sanduku moja, na kwa sababu hiyo wengi huzihesabu kuwa kazi moja yenye majina mawili. Mazungumzo ya kila siku huzidisha mchanganyiko huo, kwa kuwa neno piblisite, lililotokana na Kifaransa, hutumika kwa tangazo la bei ya sukari, kwa salamu za mwaka mpya ambazo kampuni huzituma redioni, na hata kwa maelezo ya kampuni iliyoshutumiwa na watu wa mtaa. Tofauti kati ya kazi hizo si suala la istilahi tu. Mfanyabiashara asiyeijua hutumia fedha ya kazi moja kulipia nyingine, na hasara yake hudhihirika siku ambayo hana tena muda wa kuirekebisha.

Kutafuta soko ni jumla ya shughuli ambazo mwenye bidhaa au huduma huzifanya ili kumjua mnunuzi, kuandaa kile anachokihitaji, kukiwekea bei anayoimudu, kukifikisha mahali anapoweza kukipata na kumshawishi akinunue. Mwalimu Mmarekani E. Jerome McCarthy alizipanga shughuli hizo mwaka 1960 katika mafungu manne yanayofundishwa hadi leo katika vyuo vya biashara, yaani bidhaa, bei, mahali na unadi, na mpango wake unafaa kukumbukwa kwa sababu unaonyesha kwamba tangazo, ambalo wengi hulidhani kuwa ndiyo kazi yote, ni sehemu ndogo tu ya fungu la nne. Mama anayeuza unga wa muhogo sokoni Luvungi, anayeamua kuupepeta mara mbili, kuupima kwa kopo lisilobonyezwa na kukaa karibu na mahali magari yanaposimama, ametafuta soko kwa ukamilifu hata kama hajawahi kupaza sauti.

Uhusiano na umma ni juhudi ya makusudi na ya kudumu ya kujenga na kulinda maelewano kati ya biashara na watu wote ambao maisha yao yanaguswa nayo, wawe wananunua au hawanunui. Kiswahili chenyewe kinasaidia hapa kuliko lugha nyingi, kwa kuwa uhusiano umetoka katika kuhusu, na umma wa biashara ni wale ambao biashara hiyo inawahusu: wafanyakazi na familia zao, majirani, wenye mashamba yanayopakana na kiwanda, machifu na wazee, watumishi wa serikali, makanisa, shirika la kiraia, waandishi wa habari, wachukuzi, na wapita njia wanaovuta moshi wa injini bila kuonja hata chembe ya unga unaosagwa. Soko ni sehemu tu ya umma huo, na mara nyingi ni sehemu ndogo.

Tofauti iliyo muhimu kuliko zote, ingawa vitabu vingi huipita haraka, iko katika uwezo wa kuondoka. Mnunuzi asiyeridhika na bei huenda duka la pili, na mwenye duka hupata habari hiyo jioni anapohesabu fedha. Lakini jirani ambaye kisima chake kimechafuliwa na maji ya kuoshea mihogo hana kisima cha pili cha kuhamia, kwa hiyo hubaki palepale na uchungu wake, akiuongea kanisani, kwenye foleni ya zahanati na kwa watoto wake, mpaka siku moja uchungu huo unapofunga barabara. Soko husema kwa kuondoka na umma husema kwa kubaki, na ndiyo maana hesabu ya mauzo, ambayo ni kipimo kizuri cha kazi ya kwanza, haiwezi kuonyesha chochote kuhusu kazi ya pili mpaka mambo yameharibika.

Historia ya taaluma ya uhusiano na umma inaanzia penye maafa, wala si penye duka. Mwezi Oktoba 1906, treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad ilipotumbukia majini karibu na Atlantic City huko Marekani, mshauri wa kampuni, Ivy Lee, badala ya kuficha habari kama ilivyokuwa desturi ya makampuni ya reli, alitoa taarifa kwa waandishi na kuwawezesha kufika mahali pa ajali. Mtu huyohuyo, miaka minane baadaye, aliajiriwa na familia ya Rockefeller baada ya mauaji ya Ludlow katika jimbo la Colorado, ambako askari walishambulia kambi ya mahema ya wachimba makaa waliokuwa wamegoma, na wanawake na watoto wakafa. Taarifa alizozisambaza safari hiyo zilikutwa na makosa mazito, na mwandishi Upton Sinclair akambandika jina la sumu lililomfuata maisha yake yote. Mifano hiyo miwili ya mtu mmoja inafundisha jambo moja kwa uwazi mkubwa, kwamba umma husamehe ajali iliyoelezwa kwa ukweli upesi kuliko unavyosamehe maelezo ya uongo juu ya ajali.

Msomaji wa bonde la Ruzizi hahitaji kwenda Colorado kuelewa uzito wa jambo hilo. Usiku wa tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, kwenye barabara kuu ya kutoka Bukavu kwenda Uvira, watu wakasogea kuchota mafuta yaliyokuwa yakimwagika, moto ukalipuka na kuziteketeza pia nyumba za jirani na ukumbi ambamo watu walikuwa wametazama mechi ya Kombe la Dunia, na zaidi ya watu 230 wakafa. Waliokufa hawakuwa wateja wa wenye mafuta hayo, kwa kuwa lori lilikuwa linapita tu, na hakuna mpango wa kutafuta soko ambao ungewaandika katika orodha yake. Hata hivyo walikuwa umma wa biashara ya mafuta kwa maana kamili, kwa sababu barabara yake ilipita mlangoni mwao. Mfanyabiashara wa leo anayepitisha mafuta, simenti au magogo katika vijiji vya barabara hiyo anashauriwa kuanza uhusiano na umma kwa swali hili: ni akina nani wanaobeba hatari ya biashara hii bila kupata faida yake, na je, kuna mtu aliyewahi kuwaeleza wafanye nini lori likipinduka? Kikao cha saa moja na wazee wa kijiji, wenye pikipiki na walimu wa shule, kinachofundisha kwamba mafuta yaliyomwagika hayachotwi wala kusogelewa, hakiuzi hata lita moja, na bado ni kazi ambayo msafirishaji mwenye dhamiri hawezi kuiahirisha.

Mfano mwingine, wa pole zaidi kwa sura lakini mrefu kwa muda, unatoka Bukavu. Bralima, kampuni ya bia iliyoanzia Kinshasa mwaka 1923 na ambayo Primus yake inajulikana katika kila kituo cha biashara cha Kivu ya Kusini, ilionyesha ustadi wa kutafuta soko usio na shaka: chupa, rangi, bei na upelekaji wa makreti mpaka vilimani vilipangwa kwa uangalifu. Lakini wafanyakazi wake wa zamani 168 walidai kwamba waliachishwa kazi bila kutendewa haki kati ya mwaka 1999 na 2003, wakati Bukavu ilipokuwa chini ya waasi wa RCD, na malalamiko yao, baada ya kuzunguka miaka mingi, yalifikishwa mwaka 2015 katika ofisi ya Uholanzi inayosimamia mwongozo wa OECD kwa makampuni ya kimataifa, kwa kuwa kampuni mama ya wakati huo, Heineken, ni ya Uholanzi. Makubaliano yalifikiwa mwezi Agosti 2017. Katika miaka yote hiyo Primus iliendelea kununuliwa, na mtu aliyetazama hesabu ya makreti peke yake asingeona dalili yoyote ya deni lililokuwa likikua nje ya daftari. Mfanyakazi ni umma wa kwanza wa kila biashara, yuko karibu kuliko mteja na anasadikiwa na mtaa kuliko redio, na malalamiko yake yasiyosikilizwa nyumbani hutafuta masikio mbali, hata ikichukua miaka kumi na zaidi.

Kuna pia aibu inayompata mfanyabiashara kwa jambo asilolifanya, na hapo uhusiano na umma hujaribiwa kwa namna nyingine. Mwaka 2020 serikali ya Kongo, kupitia mamlaka ya udhibiti wa posta na mawasiliano inayoitwa ARPTC, ilianza kutoza ada ya rejesta ya simu iliyojulikana kama RAM, na ada hiyo ilikatwa moja kwa moja kutoka kwenye salio, ambalo Wakongo huliita inite. Mtu aliyenunua inite asubuhi na kuzikuta zimepungua mchana hakuona mkono wa serikali. Aliona jina la mtandao wake kwenye kioo cha simu, na hasira yake ikaanzia hapo, mpaka ada ilipofutwa mwaka 2022. Makampuni ya simu yanajua sana kunadi bonasi na bei za usiku, lakini kueleza nani amechukua nini, kwa sheria ipi na kwa faida ya nani, ni kazi ya lugha nyingine kabisa, lugha isiyo na muziki wala zawadi, na kampuni isiyoizoea wakati wa amani haiwezi kujifunza lugha hiyo siku ya ghadhabu.

Kwa Lemera yenyewe, suala hilo lina upande ambao hauko mahali pengi. Jina la Lemera limekwenda mbali kabla ya bidhaa zake: hospitali iliyoanzishwa na wamisionari Wapentekoste kutoka Uswidi, ambayo Daktari Denis Mukwege, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 2018, alikuwa mganga wake mkuu, ilishambuliwa tarehe 6 Oktoba 1996 na wagonjwa wakauawa vitandani mwao, na mwezi huohuo, tarehe 23, jina hilohilo likabandikwa kwenye mapatano yaliyounda muungano wa AFDL, ulioiangusha serikali ya Mobutu mwaka uliofuata. Mfanyabiashara anayeandika Lemera juu ya gunia la maharagwe au la unga na kulipeleka Bukavu, Bujumbura au Kalemie, anabeba jina ambalo mnunuzi amekwisha kulisikia, na alilolisikia ni vita au matibabu, si chakula. Utafutaji soko unaweza kulipamba gunia, lakini hauwezi kubadilisha kile kinachokumbukwa. Hilo hujengwa na watu wengi kwa muda mrefu, kwa gunia lisilochanganywa mawe, kwa ahadi ya siku ya kufika iliyotimizwa, na kwa wakazi wenyewe kulitaja jina la mahali pao bila kuinamisha macho. Ushauri ulio salama ni kutolificha jina hilo, kwa kuwa mtu anayeficha alikotoka huzua shaka kubwa kuliko aliyoikimbia, na pia kutoligeuza kamwe tangazo, kwa sababu marehemu wa hospitali ile wana jamaa wanaokwenda sokoni kila wiki.

Ili ushauri huu usibaki hewani, inafaa kumfikiria mtu anayetaka kuweka kinu cha injini cha kusagia mihogo mikavu pale Lemera. Kabla hajanunua tone la mazutu, yaani dizeli, kazi ya kutafuta soko inamtaka ajue ni kaya ngapi zinasaga kwa wiki, wanawake wanatembea saa ngapi kufika kinu cha karibu, wanalipa nini, na ni mwezi upi wa mwaka ambao mihogo haikauki kwa sababu ya mvua, maana mwezi huo injini italala. Kazi ya uhusiano na umma inamtaka ajue mambo mengine kabisa, na mengi kati yake hayaulizwi sokoni: kiwanja hicho kilikuwa cha nani kabla ya kuuzwa, na je, ndugu wote wa muuzaji walikubali, upepo wa jioni unapeleka vumbi upande upi, mgonjwa aliyelala nyumba ya tatu anasikia nini injini ikiwashwa, na mwakilishi wa mwami amepata habari kutoka kwa mwenye kinu au kutoka kwa watu wengine. Mambo hayo hufuatiliwa kwa miguu, katika Kifuliiru kwa wazee na katika Kiswahili kwa wageni, na barua ya Kifaransa kwa ofisi za serikali hufuata baadaye, kwa sababu barua inayotangulia mazungumzo husomwa kama amri.

Fedha za kazi hizo mbili zinafaa kuandikwa katika kurasa mbili tofauti za daftari, hata kama kiasi ni kidogo. Ukurasa wa soko utakuwa na gharama ya ubao wa jina, punguzo la wiki ya kwanza, na dakika za tangazo katika redio ya Uvira, na kila faranga ya ukurasa huo inaweza kudaiwa jibu la mauzo ndani ya miezi michache. Ukurasa wa umma utakuwa na gharama ya bomba la kuelekeza moshi juu, turubai la kuzuia vumbi, nauli ya kwenda kikao cha shirika la kiraia, na muda wa mwenye kinu mwenyewe, ambao ndio gharama kubwa kuliko zote. Faranga za ukurasa huu hazidaiwi mauzo, na anayezidai atazifuta mwaka wa kwanza ukiwa mgumu, yaani wakati ule ambapo zinahitajika zaidi. Si busara pia kuandika katika ukurasa huo kila ukarimu. Jezi za timu zenye jina kubwa la kinu kifuani ni tangazo, na ni tangazo halali, lakini hazimwondolei jirani vumbi machoni, na jirani anayepewa jezi badala ya turubai anajua vizuri amepewa nini.

Vitu viwili havina nafasi katika ukurasa wowote kati ya hizo mbili. Cha kwanza ni bahasha anayopewa mwandishi wa habari ili aandike vyema. Muda wa hewani ulionunuliwa kwa risiti ni tangazo, na msikilizaji anajua kwamba anayesema amelipa. Mahojiano yasiyonunuliwa yana nguvu kwa sababu moja tu, kwamba msikilizaji anaamini mwandishi angeweza kuuliza swali gumu, na bahasha huiua imani hiyo kwa wote wawili, huku ikimfundisha mwandishi kwamba ukimya nao una bei. Cha pili ni fedha inayotozwa na wenye silaha kwenye barieri. Wapo wanaoilipa na kuiita mahusiano mema, na hakuna anayestahili kumhukumu mchukuzi aliyesimamishwa usiku porini, lakini jina hilo si lake: umma ni watu wanaoweza kusema hapana wakasikilizwa, na malipo ya hofu yakikaa katika hesabu za maelewano, mwenye biashara mwenyewe hatimaye hushindwa kutambua nani ni jirani na nani ni mnyang'anyi.

Mpangilio wa wakati nao una maana. Kwa kawaida uhusiano na umma hutangulia na utafutaji soko hufuata, kwa kuwa tangazo linalofika kabla ya maelezo hulazimika kujibu maswali ambayo halikuandaliwa kuyajibu. Jambo hilo lilionekana ziwani, nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika zilipokubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, na utaratibu huo ukaanza kutekelezwa. Muuza ndagala (dagaa) wa Uvira ambaye alikuwa amewaeleza wateja wake mapema kwa nini ndagala zingepungua na bei ingepanda, na aliyekwenda kwa wavuvi wake kuzungumza namna ya kuishi miezi hiyo, alikuwa na maneno ya kusema mwezi Juni. Aliyengoja alikuwa na bei tu. Wavuvi hawanunui ndagala, wanaziuza, na kwa hiyo mpango wa soko huwasahau kwa urahisi, ingawa bila wao hakuna soko la kutafutwa.

Kipimo cha uhusiano na umma kipo, ila hakiko katika idadi ya waliosikia redio. Kinapatikana kwa kuangalia malalamiko yanaanzia wapi: mwenye lalamiko dhidi ya kinu akija kwanza kwa mwenye kinu, uhusiano uko hai, malalamiko yakimfikia mwenye kinu kutoka kwa mkuu wa kijiji, umeanza kulegea, na akiyasikia redioni pamoja na watu wengine wote, umekwisha kukatika, na fedha ya kuuunga itakuwa nyingi kuliko ile ya turubai. Inafaa kuwe na siku moja ya mwezi, inayojulikana na kila mtu, ambayo mwenye kinu hukaa nje ya mlango bila kuuza chochote, akiwa na daftari, na kila neno likaandikwa mbele ya aliyelisema, pamoja na jibu na tarehe ambayo jambo hilo litafanyiwa kazi.

Siku mazutu yanapopanda bei, kama yanavyopanda mara kwa mara katika nchi inayoyapokea kwa barabara mbovu na mipaka inayofungwa ghafla, kazi hizo mbili zitafanywa bega kwa bega na itaonekana wazi jinsi zisivyofanana. Kwa upande wa soko, mwenye kinu atapanga bei mpya, atawapa nafuu wanaoleta magunia matano kwa pamoja, na atatafuta mnunuzi wa unga huko Uvira ili injini isilale. Kwa upande wa umma, atatangaza mabadiliko hayo wiki mbili kabla, siku ya soko na baada ya ibada ya Jumapili, na ataleta risiti za mazutu za miezi mitatu ziangaliwe na anayetaka kuziangalia. Huenda swali la kwanza atakaloulizwa lisiwe la bei hata kidogo, bali la kelele za injini baada ya saa mbili usiku, na hilo nalo liandikwe.